Kabla Hujang'oa Tangi la Petroli

Naukumbuka mchana mmoja wa masika, mwanangu, nimesimama mbele ya duka la Mzee Hamisi hapa Bagara, mikono kichwani, petroli iko mbele ya macho yangu na haiwezi kunisaidia kitu. Juzi uliponipigia simu kutoka Arusha ukaniuliza kama ubadilishe gari lako litumie gesi, nilikujibu, "Nitafikiria," nikakata. Sikuwa na la kufikiria. Nilikuwa naona aibu, tena aibu ya miaka mingi. Maana gari lililonikwamisha mchana ule lilikuwa la gesi, aliyekuwa akilisubiri alikuwa mama yako, na tumboni mwake ulikuwamo wewe.

Ninyi hamkuijua miaka ile. Tulikuwa bado mkoa wa Arusha, vita imekwisha, lakini maduka yamebaki matupu. Sabuni ilikuwa ya foleni. Mama yako alifua kwa majani ya mpapai na mashati yangu yakatakata, sijui alifanyaje. Petroli ilitaka kibali, na ukishakipata kibali unakuta kituo kimekauka, mawe na madebe yamepangwa mstari kushika nafasi za watu waliokwenda zao kulima. Hata hivyo naitamani miaka ile, usinicheke. Tulikosa karibu kila kitu, lakini hakuna aliyepita mlangoni kwa mwenzake bila kupiga hodi.

Sisi wenye magari, Bagara na Nakwa, tulikuwa wanne, na tulikuwa na dumu letu. Lilikaa uani kwa Mzee Hamisi mwenye duka, mahali pa kivuli. Kila aliyepata mgawo wake wa petroli alipitia pale kwanza, akanyonya kwa mpira kutoka kwenye tangi lake, akamimina chupa moja. Tuliliita dumu la wagonjwa. Halikuguswa kwa harusi wala kwa mnada. Akiumwa mtu, awe wa kanisani au wa msikitini, dumu lilitoka, likatiwa kwenye gari lolote lililo karibu.

Mimi nilikuwa na pikapu ya Pijo, na nilikuwa na kiburi cha kijana mwenye pikapu. Akaja fundi mmoja kutoka Arusha, mwenye maneno matamu, na vifaa alivyovifungua kwenye gari la wageni waliomaliza kazi yao wakaondoka. Akaniambia pikapu yangu inaweza kutembea kwa gesi ya kupikia, nami nitasahau mambo ya foleni. Mama yako alisema, "Utatulipua." Mzee Hamisi hakunikataza. Alisema tu, "Fanya, kijana wangu, lakini tangi liache mahali pake. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Nikaona anaongea uzee. Nilitaka nafasi ya kuufungia mtungi, na kulikuwa na mtu wa Nangara anatafuta tangi kama langu. Nikaling'oa, nikampa.

Na gari likatembea! Sitakudanganya. Nilipita mbele ya foleni ya kituoni nikipiga honi, watu wakanitazama wakiwa wamekalia madebe yao. Siku hiyo hiyo nilimkuta Mzee Tluway wa Nakwa, mkulima mwenye Landrova iliyolala bila mafuta mpaka kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Nikamwambia mbele za watu, "Mzee, shikamoo. Mayai mangapi leo?" Akaitikia marahaba, akaendelea na safari yake.

Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka uso unawaka. Nilikwenda kwa Mzee Hamisi, nikamwambia mimi simo tena katika mambo ya petroli, kwa hiyo anirudishie chupa yangu iliyomo kwenye dumu. Hakubishana. Alinipimia chupa ikajaa mpaka mdomoni. Nikampa fundi aoshee spana zake.

Haukupita muda mrefu, mvua zikaja. Barabara ya Arusha ikaharibika, malori yakazama kwenye matope, na mitungi ya gesi ikaacha kuja. Nikawa natembea kwa mabaki, nikijipa moyo. Ndipo uchungu ukamshika mama yako kabla ya siku zake. Nesi wa zahanati akampapasa, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe upesi hospitali ya misheni kule mlimani. Nikarudi mbio nyumbani kuchukua pikapu. Ilifika mbele ya duka la Mzee Hamisi, ikakohoa mara mbili, ikazima.

Mzee Hamisi alikuwa ameshasikia. Alitoka uani na dumu mkono mmoja na faneli mkono mwingine, akaizunguka pikapu, akasimama pale lilipokuwa tangi.

"Petroli hii hapa, Baba Paulina," akasema, akiniita kwa jina la dada yako. "Niimimine wapi?"

Mwanangu, nilishika kichwa. Nililia, na sikujali nani ananiona.

"Kimbia Nakwa kwa Tluway," akaniambia. "Mimi nakuja nyuma na dumu."

Nilikimbia kwenye matope, kiatu kimoja kikabaki njiani. Nilijua ninakwenda kwa mtu niliyemcheka, na nilikuwa natunga maneno ya kumwomba radhi. Hakuyasubiri. Aliniuliza neno moja tu, "Mama yuko wapi?" na huku tayari anawafukuza kuku kutoka garini. Mzee Hamisi akafika, akamimina dumu, tukampitia mama yako zahanati.

Tulipokuwa tunapanda mlima, mama yako jasho linamtiririka, amenishika mkono nusura auvunje, akaniambia, "Baba Paulina, gesi yako iko wapi leo?" Mzee Tluway akacheka hadi usukani ukamponyoka kidogo. Mama yako alikuwa na ulimi huo mpaka siku aliyotuacha, na hakuna asubuhi nisiyoukumbuka.

Hatukufika wodini. Manesi walikutolea pale langoni, kwenye kiti kile kile cha kuku, ukiwa na unyoya umenata kwenye nywele. Nesi mkubwa akasema tungechelewa kidogo tu, angetukabidhi maiti mbili.

Niliporudi kushukuru, Mzee Hamisi alinikalisha. "Gesi haikuwa kosa," alisema. "Kosa ni kuja hapa kudai chupa yako. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Nilihangaika sana kupata tangi jingine. Nilipolipata, mgawo wangu wa kwanza nilitoa chupa mbili, na Mzee Hamisi akajifanya hakuona.

Basi, mwanangu, jibu langu ni hili. Badilisha gari lako. Siku hizi mafundi wapo na gesi ipo. Mtafute fundi ambaye kazi yake umeiona kwa macho, mtungi ukaguliwe, usifanye haraka kwa sababu ya maneno matamu. Lakini tangi la petroli lisitoke. Jiulize gesi ikikuishia huku kwetu, nani atakuwa nayo ya kukuazima? Na ukifanikiwa, ukawapita wenzako barabarani, pita, ila usipige honi. Na chupa yoyote uliyowahi kuiweka mahali kwa ajili ya wengine, usiidai. Iache hapo hapo.

Mungu akulinde barabarani, na baraka za mama yako zikutangulie kila unapowasha gari. Ukija kunitazama, tutapita Nakwa kwanza. Mzee Tluway ametangulia, lakini wanawe hawakuiuza ile Landrova. Imeota majani, na kuku bado wanataga pale ulipozaliwa. Uje na chupa ya petroli mkononi. Najua Landrova haitawaka, lakini nataka uimimine tangini mwake wewe mwenyewe.