Miguu ya Jasusi Dunmore ni ya Mama wa Uxbridge

Saa tatu na nusu asubuhi, katika studio ya sauti za filamu huko Uxbridge, Uingereza, Glenys Attwater anavua raba zake, anavaa jozi tatu za soksi, kisha anatumbukiza miguu kwenye viatu vyeusi vya kiume, namba 42. Anapanda juu ya ubao na kukodolea macho skrini. Mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu anatembea kwenye korido. Glenys, mwenye umri wa miaka 63 na goti bovu, anatembea naye hatua kwa hatua bila kuondoka pale aliposimama.

Mwanamume huyo ni Dunmore, jasusi aliyeokoa Uingereza katika filamu kumi na moja. Sura yake imekuwa ya waigizaji wanne, kila mmoja na zamu yake. Miguu haijabadilika. Kwa miaka 32, kila unaposikia Dunmore akitembea, unamsikia mama huyu.

"Kule wanakopiga picha, viatu vya mwigizaji hubandikwa sponji visipige kelele," anaeleza. "Hatua zote tunazitia baadaye, humu. Mimi nakula kwa miguu ya mtu mwingine."

Fundi wa sauti, Desmond Pryke, yuko nyuma ya kioo na biskuti zake.

"Mama, goti limelia kuliko kiatu," anasema kwenye spika. "Turudie."

"Njoo utembee wewe, basi. Tuone tumbo litakavyolia."

Watazamaji wanajua kwamba Dunmore hukaribia mlango, akasimama kidogo, ndipo akamalizia hatua ya mwisho. Waigizaji wote wanne walifundishwa hivyo. Wahakiki wameandika kurasa na kurasa kuhusu kituo hicho.

"Nilikosea," Glenys anasema. "Ilikuwa siku yangu ya pili kazini, nikapotewa na hesabu. Miguu haikuonekana kwenye picha, basi mwongozaji akasema, acha hivyo hivyo, huyu mtu anaogopa na bado anaingia."

Mwacha asili ni mtumwa. Filamu zilipoanza kushindana kwa milipuko, jasusi akaacha kutembea. Filamu ya kwanza ilimpa Glenys kazi ya wiki sita. Ya kumi na moja ilimpa siku nne.

"Milango yenyewe iko wapi? Siku hizi anapita ukutani," anasema. Mimi niliyezipenda filamu hizi nilitoka kwenye hiyo ya mwisho kabla taa hazijawashwa, na sikuwa peke yangu.

Mwaka jana kampuni ilimwarifu kwamba filamu ya kumi na mbili haitamhitaji. Kompyuta ingeunganisha hatua zake za zamani.

"Sikulia pale. Nililia kwenye gari."

Januari, mwongozaji mpya, Imogen Farr, alibisha hodi nyumbani kwake. Alikuwa amesoma miswada sita ya filamu hiyo na hakuupenda hata mmoja.

"Glenys, mimi simjui huyu mtu," alimwambia. "Wewe unamjua?"

"Namjua. Anaogopa milango."

Kutokana na jibu hilo Imogen alimrudisha Glenys kazini na kuandika tukio la leo la koridoni: sekunde hamsini, hakuna bunduki, hakuna neno. Lakini wakubwa wa kampuni wanataka muziki juu yake. Muziki ukiwekwa, hatua hazitasikika kabisa, na uamuzi unatoka leo.

Namuuliza kama ana kinyongo. Ananitazama kama niliyemwaga chai.

"Kinyongo cha nini? Nimenunua nyumba na kumsomesha binti yangu kwa kutembea mahali pamoja. Nashukuru. Nashukuru hata lile kosa."

Picha inaanza tena. Dunmore anaukaribia mlango. Glenys anasimama. Desmond anaacha kutafuna. Kisha hatua ya mwisho inashuka juu ya ubao, taratibu.

Saa saba mchana tunakunywa chai, na simu ya Desmond inalia. Anasoma ujumbe mara mbili.

"Imogen anasema hakuna muziki. Wamekubali."

Glenys anajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Mwambie asante," anasema. "Mwambie tena."

Filamu itatoka Oktoba. Ameshanunua tiketi mbili, yake na ya dada yake Doreen, ambaye kwa miaka yote hii humuuliza, "Wewe ulikuwa wapi humo?"

"Safari hii nitamwambia afumbe macho asikilize," anasema akifungua kamba za viatu. "Na hivi nitavivaa. Nikifika mlango wa sinema nitasimama kidogo, halafu nitaingia."