Mama Kipengele: Aliyebeba zege sasa anatetea mikataba ya ujenzi

Saa mbili asubuhi, ndani ya nyumba isiyo na paa, watu wawili wanatazamana kwa hasira. Mmoja ni mwenye nyumba, mwalimu mstaafu. Wa pili ni fundi mkuu, uso kaukunja. Ukuta wa sebule uko nje ya mstari wa ramani, na fundi wa paa amekataa kuweka mbao juu yake.

"Kanijengea kinyume na ramani!" anafoka mwalimu.

"Mama, si wewe uliyesema sebule ipanuliwe?"

Mwanamke aliyesimama kati yao hamkatizi mtu. Anatoa futi kamba na nakala ya mkataba, anaanza kupima.

Mafundi humwita Mama Kipengele. Ana miaka hamsini na mbili, ni msaidizi wa kisheria, na ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka jana alipokea migogoro sitini na minne. Iliyofika mahakamani ni tisa tu.

Ujana wake haukupitia darasa la sheria. Kwa miaka kumi na moja alibeba zege. Kisha mumewe, mwashi, akaanguka kutoka jukwaani na kuvunjika nyonga. Walipoomba msaada wa matibabu, mkandarasi aliwaonyesha karatasi waliyoitia dole gumba: ajali yoyote ni juu ya fundi mwenyewe.

"Nilidhani ni orodha ya majina ya wafanyakazi," anasema. "Karatasi nilikuwa nayo mkononi, na sikujua inasema nini. Hilo liliniuma kuliko yote."

Akaanza kisomo cha watu wazima akiwa na miaka thelathini na minane. Baadaye alisomea usaidizi wa kisheria, akafeli mtihani mara mbili, akarudi tena. Jioni, huku akimenya viazi, mumewe alimsikiliza akikariri vipengele.

"Nilimwambia, umebeba zege miaka yote hiyo, karatasi ndiyo ikushinde?" anasema mume, akicheka.

Kule kwenye ujenzi, vipimo vimekamilika. Ukuta umesogea sentimita themanini. Kipengele cha saba kinasema mabadiliko yote yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili.

"Mwalimu, ulimwambia au hukumwambia?"

Mwalimu anainamisha kichwa. "Nilimwambia. Kwa simu."

"Na wewe fundi, ukasikia simu ukashika mwiko. Basi hapa hakuna asiye na kosa."

Nyumba ya kupanga anayoishi mwalimu anatakiwa kuihama mwezi ujao. Kesi ingemchukua mwaka mzima. Kufikia saa tano wameandikiana: mwalimu atatoa matofali na saruji, fundi atajenga upya bila ujira, na kazi itaongezewa wiki mbili. Mama Kipengele anawasomea kila neno kabla hawajasaini.

"Mwanangu, nilikuwa nimeshajiandaa kukushtaki," mwalimu anamwambia fundi.

"Nami nilikuwa nimeshafunga virago, mama."

Mwezi ujao Mama Kipengele ataanza kugawa mkataba wa ukurasa mmoja, wenye Kiswahili chepesi na herufi kubwa. Kwa wasiojua kusoma, ataurekodi ili wausikilize kwenye simu. Msomaji ameshampata: mumewe.

"Ana sauti inayoishinda mashine ya zege," anasema. "Mtu akiusikia, akauliza hata swali moja kabla ya kukubali, kwangu hiyo ni kesi niliyoshinda."