Chumvi ya Dirishani

Kinu chetu kiko upande wa viwandani hapa Nakuru, na harufu yake ya mahindi na molasi hunifuata mpaka nyumbani. Tunasaga chakula cha mifugo. Kazi yangu ni orodha ya bidhaa: kila kinachotoka kinuni lazima kiwe na jina moja, namba moja, uzito na maelezo yake kwenye kompyuta, ili sisi na maduka yanayouza bidhaa zetu tuwe tunazungumzia gunia lilelile. Ni kazi ya mtu anayechukia fujo. Mimi fujo naichukia tangu utotoni. Mama alikuwa akisema nitaolewa na ufagio.

Nilipoajiriwa, orodha yote ilikuwa ndani ya kitabu kikubwa cha jalada gumu cha mzee wa stoo. Kitabu hicho kilinitia kichaa. “Pumba, ile laini.” “Pumba, ya yule mama wa nguruwe.” Bidhaa nyingine alizitaja kwa mahali zilipopangwa: ya ukutani, ya chini ya taa. Wapakiaji walimwelewa, wateja walimwelewa, na hakuna siku gunia lilipotea njia. Mimi nilikuwa na diploma, kwa hiyo nilicheka.

Tulikaa kwenye benchi siku nyingi, yeye akisoma, mimi nikichapa. Tukafika kwenye chumvi ya madini, ile mifugo hulamba. Ilikuwa na mistari miwili: chumvi ya dirishani na chumvi ya mlangoni. Gunia jeupe lilelile, uzito uleule, bei ileile.

“Hii umeandika mara mbili, mzee.”

“Hapana madam, hizo ni mbili. Hii ya dirishani ni ya...”

“Kompyuta haijui dirisha, mzee.”

Wapakiaji wakaangua kicheko. Naye akacheka kidogo, akavua miwani, akaifuta kwa shati. Hakumaliza sentensi yake, nami sikumwomba aimalize. Nilifuta mstari mmoja, na nikajisikia vizuri kama mtu aliyetoka kufua mapazia.

Alichotaka kusema ningekijua kwa kunyamaza tu. Chumvi ya mlangoni ilikuwa ya ng’ombe, na ilitiwa madini ya shaba. Ya dirishani ilikuwa ya kondoo, haikuwa na shaba hata chembe, kwa sababu shaba hujikusanya kwenye ini la kondoo polepole mpaka siku inamuua. Mwenye kinu hakuona haja ya kuchapisha magunia tofauti kwa ajili ya wafugaji wachache wa kondoo. Basi dirisha ndilo lililokuwa lebo.

Mzee akaenda likizo kupanda viazi. Kabla ya kuondoka alitia sahihi kurasa tupu za kitabu cha kutolea mizigo, kama ilivyokuwa desturi ya stoo yetu, ili wateja wasikwame asipokuwepo. Mimi nikabandika ukutani mpango wangu mpya, namba moja rundo moja, na wapakiaji wakaufuata. Aliporudi alisimama mbele ya chumvi, ambayo sasa ilikuwa rundo moja tu, kisha akaja mezani kwangu akiwa bado na kofia mkononi.

“Madam, ile chumvi mmechanganya. Tuongee.”

“Tuongee Ijumaa, mzee. Leo niko bize.”

Ijumaa ikaja ikapita. Lakini hata kama ningemsikiliza siku hiyo, gunia moja lilikuwa limeshafika kwa mfugaji mmoja kule Kabazi.

Miezi miwili hivi baadaye mama mmoja kutoka huko aliingia ofisini na gunia begani, chumvi kidogo ikiwa imebaki chini. Alikuwa na kondoo tisa, amebakiwa na mmoja. Macho yao yalikuwa yamegeuka manjano, mkojo ukawa mweusi, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Daktari wa mifugo alimwambia ni shaba. Kondoo hao ndio waliokuwa wampeleke binti yake chuo mwezi huo.

“Mimi nilisema nataka ya dirishani,” akasema. “Nikaambiwa, mathe, siku hizi ni moja tu.”

Mwenye kinu akafungua kitabu cha mizigo, akaiona sahihi ya mzee wa stoo, akamwita. Mzee aliusoma ukurasa ule, halafu akaniangalia mimi. Hakunikazia macho. Aliningoja tu, vile alivyokuwa akiningoja kwenye benchi nimalize kuchapa. Mimi nikainamia kompyuta yangu, nikafungua ukurasa ambao sikuuhitaji.

“Stoo ni yangu, bosi,” akasema.

Alifutwa kazi wiki hiyohiyo. Yule mama alipewa magunia mawili ya chakula cha ng’ombe kama pole, naye hana hata ndama. Mimi niliurudisha ule mstari kwenye orodha, nikaongeza safu mbili, moja ya mnyama, nyingine ya mahali gunia linapokaa, na mwenye kinu akanisifu mbele ya watu. Nilisema asante. Nikikumbuka asante ile natamani ardhi ipasuke.

Mwaka jana nilisimama Gilgil kununua dawa ya kuku, kwenye kiduka cha kando ya barabara, na aliyesimama nyuma ya kaunta ni yeye. Amezeeka, miwani ni ileile. Pembeni kulikuwa na marundo mawili ya chumvi, moja dirishani, moja mlangoni. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza habari za wapakiaji, mmoja mmoja. Nilipokuwa nafungua mlango wa gari akanifuata nje.

“Madam, niulize kitu. Bosi alikuja kujua ile maneno ya chumvi, kwamba si mimi niliyechanganya?”

“Alijua, mzee.”

Akashusha pumzi. “Hiyo ni sawa. Nilikuwa nataka tu ajue.”

Akasimama pale akinipungia mpaka nikaingia barabarani. Kompyuta yetu huhifadhi kila badiliko na jina la aliyelifanya; mstari ule uliofutwa bado umo, na jina langu kando yake. Kuufungua ni kazi ya dakika moja. Bosi ofisi yake ni mlango wa pili kutoka kwangu, na mpaka leo hajui.