Anko wa Sabuni

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Sumbawanga yalipoanza kujaa bidhaa za nje, tuliingia dukani kunusa tu sabuni za kigeni. Harufu ile bado naipenda, ingawa hunirudisha kituo cha polisi, nilikokwenda kuripoti baiskeli iliyoibwa.

Mbele yangu walisimama mume na mke kutoka Matai na binti yao wa darasa la tano. Baba aliweka kwenye kaunta sabuni tatu na saa.

"Afande, huyu ameanza wizi. Mfungulie kesi, ajifunze."

Askari, mama wa makamo, akaandika jina la binti kama mtuhumiwa, na neno "wizi", kisha akauliza, "Nani kaibiwa?"

Baba akamgeukia binti. Binti akanong'ona, "Nilipewa na anko."

"Anko si ndiyo mjomba? Mama, ni kaka yako?"

"Mimi sina kaka, afande."

"Ni anko wa dukani," binti akasema, uso kwenye kanga ya mama. "Huniita stoo, anafunga mlango. Alisema nikisema, nitafungwa."

"Atakayefungwa si wewe, mwanangu," askari akasema.

Akakata neno "wizi", akahamishia jina la binti kwenye nafasi ya mlalamikaji. Baba akauachia mkono wa binti, aliokuwa ameukamata muda wote.

Simlaumu, hasira yake ndiyo iliyomfikisha mtoto pale. Ila tangu siku hiyo, mtoto akinitajia anko, mimi humuuliza: wa upande gani?