Ntumba Zangu Kwenye Tope la Msituni

Darasa la tatu sikumaliza, lakini nimewahi kumwona binti mmoja akisoma tope, na mpaka leo namstahi.

Alikuja na pikipiki kutoka Sumbawanga, akaomba nimpeleke kwenye kale kamsitu kaliko huku kwetu, upande wa Msanzi, kenye kinamasi katikati. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji, basi nikatangulia kifua mbele.

Alizamisha bomba refu, akalivuta polepole. Ndani, tope limelala safu kwa safu. Kila safu, alisema, imeshika unga wa maua ya zama zake.

"Babu, unga wa miti hii hii ukiwemo mpaka chini kabisa, basi kwingine kulipokauka, hapa palibaki na ubaridi. Wanyama walijificha hapa. Joto likizidi, watakimbilia hapa tena."

Mbega walikuwa juu wanatuchungulia. Watu wa mjini wakija kwetu huuliza bei ya maharage. Huyu aliuliza vyura waliishi wapi kabla ya babu wa babu yangu! Mke wangu naye hulia na bei hizo, ila hayo tuyaache.

Mara binti akanuna. Ndani ya bomba, nyasi za karibuni zilikuwa chini, udongo wa kale juu.

"Hapa hapasomeki. Nitaandika hapafai, niende kwingine."

Nikakohoa. Sisi Wafipa tunalima ntumba: unakusanya nyasi, unazifukia kwa udongo uliopinduliwa, zinaoza zinakuwa mbolea. Mwaka mmoja mashamba ya juu yalikauka, nikajipenyeza nikapiga ntumba ukingoni mwa kinamasi. Mjumbe mzima! Na maharage yalivyostawi, ndiyo aibu yenyewe.

"Mjukuu wangu, hilo ni jembe langu."

"Babu! Si ndiye wewe mlinzi?"

"Ndiye. Nimelinda huku natafuna."

Alicheka mpaka akakaa kwenye maji. Halafu akauliza, "Uliishia wapi?"

Nikavua viatu, nikaingia, nikamwonyesha tuta moja moja, hata yaliyokwisha kuzama. Akasogea ndani, ambako jembe langu halikufika. Bomba likatoka na safu zake zimetulia. Alizipitia kwa kidole, jua likituchoma wote wawili, na wala hakuharakisha.

"Ila lazima niandike kwamba ukingoni palilimwa," alisema.

"Andika. Na kwa mwenyekiti wa kamati nitakwenda kujisema mwenyewe."

Kamati ikanivua ujumbe kesho yake. Baadaye msitu ukaingia kwenye orodha ya yule binti, ya mahali pa wanyama kukimbilia joto likizidi.