Game ya Subukia niliyotaka kuipa tano juu ya kumi

Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Wale mnaosoma mkiwa kazini, simu chini ya meza, someni polepole. Hii haina haraka.

Nimesita sana kuiandika, kwa sababu kila nikiisimulia naonekana kama niliota. Sikuota. Watu walikuwepo, jua lilikuwa linawaka, na chumvi nimeiacha jikoni.

Kwanza mnijue. Naandika review za console games kwa website moja ndogo ya hapa Kenya. Kazi yenyewe iko hivi: unatumiwa game, unaicheza, unaandika, unaweka score juu ya kumi. Graphics, sauti, story, controls. Halafu kuna websites zinazokusanya score za reviewers wa dunia nzima na kupiga average, na hiyo namba moja ndiyo watu huangalia.

Yale maneno yako yote husomwa na mama yako. Na siku akikosa bundles, hata yeye hasomi.

Sasa, dada mmoja anaitwa Cherono akanitumia game yake. Ni mtu wa Subukia. Ameitengeneza miaka na miaka, karibu peke yake, kwa computer iliyokaa kwenye stoo ya mahindi ya kwao.

Ndani ya hiyo game unatembea tu kwenye bonde la Subukia. Asubuhi kuna ukungu, na miguu yako huioni. Ukungu ukiinuka unaona kahawa, mahindi, ng'ombe wanaokuangalia wakitafuna. Jioni moshi unatoka majikoni na kulala juu ya migomba. Huna bunduki, huna gari, hakuna anayekufukuza.

Cherono alinipigia akaniambia ukweli wote. Kampuni ya ng'ambo iliyotoa game yake ilikuwa imemwahidi kwamba average ikifika nane, watamsimamia atengeneze ya pili, ya Kabazi, alikozaliwa mama yake. Isipofika, mkataba umeisha, na yeye anarudi kuuza cover za simu mjini.

"Sikuombi score," akasema. "Nakuomba tu ucheze pole pole."

Lakini wakuu, reviewer hachezi pole pole. Kuna deadline, na kuna game zingine kwenye foleni. Nikatembea. Mvua ikaanza kunyesha kwenye game, nikaendelea kutembea. Nikafika mwisho wa bonde na majina ya kuonyesha game imeisha yakaanza kupanda kwenye screen. Githeri niliyokuwa nimeinjika haikuwa hata imeiva.

Ilikuwa nzuri kwa macho, lakini tupu. Nyumba nyingi na milango yote imefungwa. Reviews za ng'ambo zilianza kutoka zikisema hivyo hivyo: bonde zuri, halina mtu. Tano. Sita. Tano. Mimi pia nilikuwa na tano kichwani, na iliniuma, kwa sababu sauti ya yule dada kwenye simu ilikuwa imeniingia.

Lakini nina desturi moja. Sitoi score kabla game haijapita kwa joint ya Zuhura, mtaa wa Bondeni hapa Nakuru.

Zuhura ni mama wa makamo mwenye chumba cha TV nne na console nne, na nyuma yake kuna ua anapoanika nguo. Hapo hakuna mtu anajua mambo ya embargo, ile tarehe ya kuruhusiwa kutoa review, wala average. Kuna sheria moja tu: ukifa kwenye game, pad ya kuchezea inahamia kwa mwingine. Game mbaya hapo hujulikana haraka, kwa sababu mtu hufa makusudi ili aondoke.

Nilipoipeleka ilikuwa mchana, jua kali. Pad ikaangukia Odhis, fundi wa pikipiki wa pale karibu, mikono bado ina grisi.

"Niaje, hapa nitakufa aje?" akauliza.

"Hufi," nikamwambia.

"Kumbe pad ni yangu milele!"

Waliokuwa kwenye foleni wakalalamika, lakini wakakaa kuangalia. Odhis akatembea kwenye ukungu. Polepole kelele za chumba zikapungua. Mtu akazima sauti ya TV ya pili bila kuombwa.

Kisha mvua ikaanza kwenye game.

Odhis hakuendelea mbele. Alikata kona, akaenda kwenye nyumba iliyokuwa karibu, akasimama chini ya upenu. Akaweka pad kwenye goti.

"Mbona umesimama?" nikamuuliza.

"Si kunanyesha?"

Hakuna aliyecheka. Hakuna hata mmoja aliyeona ni jambo la ajabu, isipokuwa mimi reviewer. Jamaa mmoja nyuma akasema tu, "Songa ndani kidogo boss, mguu uko nje." Odhis akausogeza.

Ile mvua ilikuwa inapiga mabati kwa sauti ya kweli kabisa. Ghafla Zuhura akapita mbio kuelekea ua, akarudi na nguo zote mikononi, zimekauka, ushungi umeenda upande.

"Nyinyi mnasikia mvua na hamniiti?" akafoka.

Tukamwonyesha mlango. Nje jua lilikuwa linawaka na mlima wa Menengai uko wazi, hauna hata wingu. Akaangalia nje, akaangalia TV, akacheka mpaka akakaa. Hakurudisha nguo kwa kamba. Alibaki amezipakata, akiangalia mvua na sisi.

Tulikaa hivyo kitambo. Sijui kitambo gani. Nakumbuka tu matone yakidondoka kutoka kwenye upenu, na watu wazima wenye shughuli zao wametulia mchana kweupe, wanangoja mvua isiyokuwepo iishe.

Mlango ukafunguka.

Mama mwenye leso akatoa kichwa. "We kijana, utasimama hapo mpaka lini? Ingia."

"Asante mathe," Odhis akajibu kwa sauti, akiiambia TV.

Ndani kulikuwa na moto, mzee, watoto, na kigoda kimoja ambacho hakina mtu. Akapewa chai. Akaongezwa. Mzee akaanza kueleza vile familia yake ilifika bondeni, na mvua ilipokata, Odhis alitoka akakuta milango yote ya Subukia iko wazi. Nusu nzima ya game ilikuwa huko ndani, na sisi reviewers tulikuwa tumeipita tukilowa.

Machozi yalinitoka, sitawadanganya. Nikatoka nje nikampigia Cherono. "Mlango unafunguka!"

Akacheka sana. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Nikikuambia ungoje, hautangoja mvua," akasema. "Utangoja mlango. Tafadhali usiandike."

Nikabaki na kazi ngumu: kutoa tisa bila kusema sababu. Mhariri wangu akaniuliza, "Wenzako wote wamepeana tano na sita. Wewe umeona nini?" Nikamjibu kwamba nimeona watu wakitulia. Aliguna, lakini akaichapisha. Ndani ya review nilificha sentensi moja: mvua ikinyesha, fanya vile ungefanya ukiwa kwenu.

Kwenye comments niliitwa kila jina. Amehongwa. Anapendelea wa nyumbani. Hajui game.

Na tisa moja haiinui kitu, wakuu. Average haikukaribia nane. Kampuni ikakata mkataba, kwa maneno matamu.

Cherono mwenyewe ndiye aliyenipigia kuniambia. Nikaanza kumpa pole, akanikatiza.

"Wachana na hiyo. Yule fundi, kuna mtu alimwambia ajikinge?"

"Hakuna."

"Na chai alikunywa?"

"Alikunywa, akaongezwa. Akasema asante mathe, watu wote wakisikia."

Nilisikia ng'ombe akilia upande wake.

"Alisema asante?"

"Kwa sauti."

"Basi wakae na mkataba wao," akasema. "Kabazi naanza kesho."

Na ameianza kweli. Vifaa vya simu anauza mchana, jioni anaingia stoo. Ya mlango ameniruhusu niseme, kwa sababu wachezaji wenyewe wameshaugundua, mmoja mmoja.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujaamini score, uliza aliyeitoa alicheza vipi. Mimi bado natoa namba, ndiyo kazi, lakini siku hizi nikiona mahali pa kusimama, nasimama.

Sasa nyinyi. Ni game gani mliambiwa ni mbovu, mkaishika wenyewe mkakuta vingine? Na kwenu mvua ikikukuta njiani unaingia kwa nani? Andikeni hapa chini, hata wa kunitusi karibuni, nimezoea.