Roho Mtakatifu na Mita Moja Iliyobaki

Fundi wa mabango, ambaye hata mama mkwe wake alimwita Brashi, alikuwa juu ya ngazi Jumamosi saa sita mchana, pua karibu iguse ukuta wa madhabahu, na hakuwa na pa kwenda. Mbele yake, kwa rangi ya buluu iliyokoza, palisomeka KWA JINA LA BABA NA LA MWANA NA LA. Baada ya hapo palibaki mita moja ya ukuta, kisha dirisha.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Utatu.

Kosa la namna hii ni la wanagenzi, na Brashi alikuwa na miaka ishirini na minane kazini. Alikuwa amepiga mistari ya chaki, kila herufi na kipimo chake. Ndipo alipokuja Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akarudi nyuma hatua tatu kama mtu anayechagua pazia, akasema BABA haonekani.

"Mwenye nyumba anaandikwa hivyo, kama mpangaji?"

Brashi akanenepesha. Vijana wa kwaya walipomwona Baba amenona, wakataka MWANA naye asidhulumiwe. Akanenepesha tena. Roho Mtakatifu hakuwa na mjumbe kwenye kamati.

Angekataa vipi? Miaka sita nyuma aliandika bango la baa, akalipamba kwa malaika aliyeshika chupa. Wazee walilieleza bango lile kikaoni kwa undani, pamoja na mpangilio wa viti vya ndani, wakamtenga na Meza ya Bwana kwa miezi mitatu. Miezi ikaisha. Ila suala la kumrudisha liliwekwa kwenye agenda ya mwisho, Mengineyo, na kikao hakijawahi kufika Mengineyo kabla wazee hawajashikwa na njaa. Kwa hiyo kila Jumapili ya Meza alibaki benchi la nyuma, akikunja magoti mkewe apite kwenda mbele, akiyakunja tena apite kurudi. Sasa Mwenyekiti alikuwa ameahidi mbele ya watu: ukuta ukikamilika Jumamosi, Jumapili anapokelewa.

"Fundi, mbona umeganda?" Mwenyekiti aliuliza kutoka chini.

"Nafasi imeisha, mzee."

"Si uandike ROHO MT. tu? Watu watajaza wenyewe."

"Mt. ni ya kina Petro, mzee. Hao wamefanywa watakatifu. Huyu ndiye anayewafanya."

"Usinihubirie ukiwa juu ya ngazi. Basi mkondeshe. Upepo una unene gani?"

Mkewe, aliyekuwa akipiga deki kati ya mabenchi, alicheka, kisha akaacha. "Baba watoto, andika vyovyote ushuke. Miaka sita naruka magoti yako."

Brashi akachukua chaki, akamjaribu Roho Mtakatifu ndani ya mita moja. Alitoka mwembamba kama yale maandishi ya pembeni mwa boksi la dawa, yanayosomwa na mtu akishazidiwa.

Akayatazama muda mrefu.

Katika miaka ile ya benchi la nyuma, maombi yalikuwa yamemkaukia mdomoni. Alikuwa akihema tu, mpaka majirani wa benchi wakadhani ana pumu. Siku moja mchungaji alimpita mlangoni, akasimama. "Endelea hivyo hivyo," alisema. "Ukikosa maneno, Roho anakuombea humo humo kwenye kuhema." Kisha akaenda kula. Hilo ndilo neno pekee la kanisa lililomfikia Brashi kwa miaka sita, akaishi nalo. Aligundua kwamba aliyekuja kukaa naye kule nyuma hakuja peke yake. Baba na Mwana walikuwepo vilevile, wala hakuna aliyeombwa asogeze magoti kumpisha mwenzake.

Akashuka. Mkewe akadhani ameridhia. Brashi akafungua ndoo ya rangi nyeupe, akachukua brashi pana, akapanda tena, akaanzia KWA.

"Unafanya nini?" Mwenyekiti alisogea.

"Naanza upya. Wote watatu kimo kimoja."

"Haitakauka leo!"

"Haitakauka."

"Nilisema ukuta ukikamilika."

"Nilikusikia, mzee."

"Basi itabidi usubiri kikao kijacho."

"Kitakaa lini?"

"Hakijapangwa."

Brashi alikuwa amefika kwenye BABA. Buluu ile ilikuwa ng'ang'anizi. Mkono wa kwanza wa rangi nyeupe haukuifunika, akarudia wa pili. Mgongo ulimuuma. Alijua hesabu yake vizuri: kikao, njaa, Mengineyo, kikao.

"Umemaliza kunitesa?" mkewe aliuliza, taratibu.

"Bado mkono mmoja."

Matone meupe yalianza kudondoka karibu na meza iliyokuwa chini yake. Mkewe akaweka tambara la deki chini, akaishika Meza ya Bwana upande mmoja, akamkazia macho Mwenyekiti mpaka naye akashika wa pili, na wawili hao wakaisogeza mbali na ngazi.